Mwaka wa Tuku-tuku

Feza alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ya marehemu Fundi Saidi siku moja kabla ya kisomo cha arobaini, nami niliyekuwa nimeketi barazani na ungo wa mchele mapajani nilikuwa na ombi moja tu moyoni: awe amezeeka. Nilitaka awe amenyauka kidogo, amepungua meno, ana ile sauti ya watu ambao mji mkubwa umewachosha. Miaka kumi na minne sikuwa nimemwona. Mimi ndiye niliyebaki Kasongo. Mimi ndiye niliyeachiwa karakana ya fundi, meza yake, benchi lake lililopinda katikati, na wateja wake wanaoleta radio zimefungwa kwa vipande vya mpira. Na mtu angeniuliza siku yoyote katika miaka hiyo, ningemwambia nimeridhika. Feza akavua kofia ya pikipiki, akapangusa vumbi jekundu kwenye kope, akacheka, na meno yote yalikuwepo. "Yaya Zuhura," akasema, akiniita dada mkubwa kama zamani, "weye haukuzeeka ata kidogo." Nikamjibu, "Acha uongo, bado uko na vumbi mu macho," na wanawake waliokuwa wakichambua mchele pamoja nami wakaangua kicheko, wakidhani natania kwa furaha.

Mwaka ninaotaka kuuandika ulianza wiki ile fundi alipotupokea wote wawili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto wa mjini, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Feza alikuwa na ishirini, ametoka Wamaza, kule Kabambare, anakaa kwa shangazi yake karibu na misheni. Fundi hakuwa amewahi kufundisha msichana, na sasa alikuwa na wawili kwa mpigo, kwa hiyo kila aliyepita dirishani alikuwa na la kusema. "Fundi, umeoa wengine?" waliuliza. "Nimeoa radio," alijibu bila kuinua kichwa, "hawa ni mashemeji." Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: kuta za matofali mabichi, bati lililoanza kutema joto kuanzia saa nne, rafu tatu za radio zisizo na nyuso, na dirisha moja ambalo wateja walipitishia mali zao, kwa maana hakuna aliyeruhusiwa kuingia ndani. Nyuma ya pazia la maua kulikuwa na chumba cha kulia, na humo Mama Aziza, mkewe, alituandalia chakula cha mchana: wali na maharagwe, au bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyong'aa mawese, na siku ambazo wavuvi wa Nyangwe walifika sokoni, samaki. Harufu ya risasi ya kuchomelea ilituingia kwenye nguo na kwenye wali. Mpaka leo nikila samaki mahali pasipo na harufu ile naona kama kuna kiungo kimesahauliwa jikoni.

Fundi alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaiona kwa mwingine yeyote. Miezi mitatu ya kwanza hakuturuhusu kugusa kipimo cha umeme. "Kipimo ni ya mutu asiyesikia," alisema, akakifungia kabatini. Radio ikifika, tuliiwasha, tukafumba macho, tukalowesha kidole kwa mate na kukipitisha polepole juu ya nyaya za ndani, zile zenye umeme mdogo wa betri usiouma, huku tukiisikiliza bafle, ile spika yake. Mahali pengine kidole kilileta mngurumo, pengine mluzi, pengine ukimya. Na kutokana na hayo ulitakiwa useme ugonjwa uko wapi kabla ya kufumbua macho. Ugonjwa uliotusumbua kuliko yote tuliuita tuku-tuku. Ndani ya kila radio mna vipipa vidogo vinavyotunza umeme na kuuachia taratibu. Vikikauka kwa uzee na joto, na betri ikichoka, radio huacha kusema, huanza kupiga: tuku, tuku, tuku, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani. Kazi yetu ilikuwa kuua mdundo ule. Unatoa kipipa kilichokauka, unatia kipya, radio inanyamaza, halafu inasoma habari. Mimi niliua tuku-tuku ishirini kabla ya Feza kuua hata moja, kwa sababu yeye kila alipoikuta aliinamia meza, sikio karibu kabisa na bafle, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza umbea.

"Yaya, sikia," alininong'oneza. "Hii haipigi kama ya jana. Hii inachechemea."

"Iko inaumwa. Itibu."

"Nitaitibu. Lakini sikia kwanza."

Sikusikia kitu, au nilijiambia hivyo. Nilikuwa na kazi safi, na kazi safi ilinitosha. Risasi yangu ilikaa kwenye waya kama tone la maji kwenye jani, bila mkia, bila moshi. Wateja waliorudishiwa radio iliyopita mikononi mwangu waliifungua nyumbani ili tu kuwaonyesha jirani zao. Fundi mwenyewe aliniita nje kwenye mwanga, akageuza kazi yangu huku na huku, akaguna kwa kuridhika, na guno lile lilinilisha kwa siku nne. Feza alichomelea kama mtu anayekanyaga siafu. Madonge ya risasi, nyaya zilizokatwa ndefu mno, alama za kuungua juu ya meza. Kwa hiyo siku ile nilipowasikia fundi na mkewe nyuma ya pazia, wakati Feza ameenda kuchota maji na mimi nimerudi mapema kuliko walivyodhani, nilisimama pale nikiwa na uhakika wa kitakachosemwa. Walikuwa wakila. Nilisikia vidole vikisugua sahani. "Zuhura iko na mikono," fundi alisema. "Sijaona mikono kama ile tangu nianze hii kazi." "Na ule mwengine?" akauliza Mama Aziza. "Ule mwengine iko na masikio." Akatafuna. "Sasa yupi atakamata kazi yako?" Akameza, akanywa maji, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mikono unaweza kufundisha mutu."

Nimeyasikia mengi mabaya zaidi maishani mwangu, mengine nimeambiwa usoni, na yote yamepita. Hilo halikupita. Nilirudi kwenye meza nikaketi mbele ya radio iliyokuwa wazi, na kwa mara ya kwanza nilimtazama Feza, alipoingia na ndoo kichwani, jinsi mtu anavyomtazama aliyekalia kiti chake. Tangu siku hiyo nikaanza kumhesabia. Fundi akicheka naye, nilihesabu. Akimwita "mwanangu" wakati mimi ananiita kwa jina, nilihesabu. Mama Aziza akimwekea kichwa cha samaki, nilikitazama kichwa kile kikienda sahani ya pili kama mtu anayetazama maiti ikipita. Na ubaya wa Feza, kama nilivyouona mwaka ule, ni kwamba hakuwa na ubaya. Alikivunja kile kichwa cha samaki katikati akanipa upande wenye jicho.

Ilikuwa mwezi wa tano wa kujifunza alipoanza kujenga mashine yake. Alichukua sanduku la mbao lililowahi kubeba sabuni, akatia ndani matumbo ya radio tatu ambazo wenyewe walikuwa wamezikataa, zote zina tuku-tuku, akazifunga kwenye betri moja ya pikipiki iliyokuwa ikinyonya jua kutoka kwenye pano la fundi, lile bamba la umeme wa jua juu ya bati. Akazitobolea vifundo vitatu vya kuzungusha, bafle moja, basi. Siku aliyoiwasha nilikuwepo. Radio ya kwanza ilianza kupiga kwa utulivu, ya pili ikaingia katikati yake, ya tatu ikawa kama inataka kusema kitu halafu inaghairi; na kwa kuwa zote zilikunywa betri moja, kila moja ilipopiga kwa nguvu iliwapunguzia wenzake, wakajikwaa, wakajikusanya, wakarudi kwa njia nyingine. Wingu lilipopita juu ya bati mdundo ulilegea mpaka ukakaribia kulala. Jua lilipotoka ukaamka ukikimbia. Tuliisikiliza kwa muda mrefu sana na haikurudia kitu hata mara moja. Watu wakakusanyika dirishani.

"Fundi, hii iko inapiga nini?"

"Inapiga inachotaka," fundi akasema.

"Mashini iko mulevi, kabisa," akasema mwanamke mmoja mwenye beseni la ndizi. "Kama bwana yangu akirudi nyumbani. Mguu moja hapa, mguu moja kwa jirani." Dirisha lote likacheka, na mwanamke yule, akicheka bado, akatua beseni lake chini akasimama pale mpaka ndizi zikapata moto wa jua. Nilimwona akitikisa bega, akisubiri pigo, akilikosa, akilipata mahali asipolitarajia. Fundi alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo kazi yangu safi, hata kwenye mwanga wa nje, haikuwahi kuufungua.

Nilijenga yangu. Sikumwambia mtu, niliijenga nyumbani kwetu kwa wiki mbili, nikitumia vipipa vipya vyote vilivyolingana, kila waya umekatwa kwa urefu sawa, sanduku limepigwa msasa. Ilikuwa nzuri mno kutazama. Nilipoiwasha ilipiga kama saa ya ukutani. Nikazungusha vifundo ikawa saa inayokimbia, nikavirudisha ikawa saa inayotembea. Kwa kiburi fulani ambacho bado sikielewi niliipeleka karakana nikamwonyesha Feza, naye akalipapasa sanduku, akainua kifuniko, akapiga kelele ya kweli ya furaha: "Ah, yaya! Tazama hii kazi! Papa Fundi, kuja kuona!" Sifa zile zilinikata kuliko ambavyo dharau ingenikata. Nilienda nayo nyumbani nikaivunja kwa ajili ya vipuri.

Mwezi wa tisa kuna kijana alirekodi mashine ya Feza kwa simu, na rekodi ikasafiri kama rekodi zinavyosafiri, mkono kwa mkono, mpaka ikafika Bukavu kwa bwana mmoja aitwaye Crispin, aliyekuwa akitengeneza sauti kwa ajili ya michezo ya jukwaani. Akampigia fundi. Bwana huyo alikuwa na safari yake ya Kabambare. Alisikia kwamba siku hizo binamu wa Feza angeolewa Wamaza na mashine ingepigwa pale, basi angepita kuisikiliza kwa masikio yake. Kama ndiyo ile aliyoisikia kwenye simu, angemchukua aliyeijenga akafanye kazi na wapiga muziki wake Bukavu kwa miezi mitatu, labda zaidi. Fundi aliirudia habari ile kwa kila aliyekuja dirishani, mpaka wateja wakaanza kummalizia maneno. Mama Aziza akamtafutia Feza viatu. Usiku nililala vizuri, mchana ndio ulionitesa, kwa sababu mchana Feza aliketi mkono mmoja kutoka kwangu akiimba chini ya pumzi. Mtu mwenye akili angeona kwamba Feza akienda Bukavu, mimi nabaki na fundi peke yangu, na kiti ni changu. Wivu haufikirii hivyo. Sikutaka kiti. Nilitaka asiwe na kitu ambacho mimi sina.

Ijumaa, kesho yake tukienda Wamaza, fundi alitoka kwenda kusali, Mama Aziza alikuwa jikoni uani, na Feza alikwenda sokoni kuchukua kikwembe alichoshonewa cha harusi. Nilibaki na mashine. Niliiwasha kwa sauti ya chini. Sikuwa na mpango. Au nilikuwa nao lakini ulikuwa vidoleni, haujafika kichwani. Nilifumba macho, nikalowesha kidole, nikakipitisha juu ya nyaya mbaya za Feza kama tulivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza tangu ianze kupiga niliisikiliza kweli, sio kumsikiliza Feza ndani yake. Kidole kilitembea. Mngurumo, mluzi, mngurumo. Kisha kikafika kwenye waya mfupi mwekundu, karibu na mdomo wa betri, na radio zote tatu zikashika pumzi kwa pamoja. Nikainua kidole, zikaendelea. Nikagusa, zikashika pumzi. Hapo ndipo zilipokuwa zikisikiana. Nilisimama, nikachukua kutoka rafuni kipipa kikubwa kuliko vyote, kipya, kile ambacho fundi alikitunza kwa ajili ya vikuza sauti vya kanisa, nikakitia pale pale ili kila moja ipate umeme wake bila kugusa wa mwenzake. Nilichomelea vizuri. Hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo: nilichomelea vizuri kuliko siku zote. Kisha nikazungusha vifundo mpaka vikakubaliana. Mashine ikapiga moja, mbili, tatu, nne. Na nikajiambia, kwa maneno yale yale tunayomwambia mteja, kwamba nimeitengeneza.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Feza alikaa ya mbele na viatu vyake kifuani ili visichafuke, na mimi ya nyuma na sanduku mapajani, limefungwa katika shuka, kwa sababu wote walikubaliana kwamba mimi ndiye mwenye mikono ya uangalifu. Njia ilikuwa ya matope na madaraja ya magogo mawili. Kila tulipofika kwenye daraja Feza aligeuka nyuma, hakunitazama mimi, alitazama sanduku. Wamaza walitupokea kwa maji ya kuoga na wali wa moto, na chumba tulichopewa kilikuwa cha bibi harusi mwenyewe, kimejaa wanawake wanaomsuka. Walimtania Feza bila huruma. "Ni weye unaleta mume wa mbao?" mmoja akauliza. "Tumesikia hakuna mwanamuke anaweza kufuata mudundo yake." "Utafuata," Feza akasema, "ukikunywa kwanza." "Na huyu?" wakanigeukia. "Huyu ni yaya yangu wa kazi. Ule anayenifundisha kufanya vizuri." Mama mmoja akanipa mkono wa kuku.

Harusi ilikuwa mchana, uwanjani, chini ya turubai. Bwana Crispin alikuwa mtu mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri, amekaa mbele na simu yake tayari kwa kurekodi. Feza akaunganisha betri na pano tulilokuja nalo, akatabasamu kwa binamu yake, akawasha. Tu. Tu. Tu. Tu. Niliona tabasamu likibaki usoni mwake baada ya yeye mwenyewe kuondoka. Akazungusha kifundo cha kwanza: mashine ikaongeza mwendo, ikabaki sawa. Akazungusha cha pili, akakirudisha. Akaangalia jua, kama kuna wingu. Lakini uwanja ulikuwa umeshainuka. "Eeh! Sasa ndiyo!" wakapiga kelele. "Sasa iko muzuri!" Wazee waliokuwa wamesikia kwamba ni mashine ya kilevi wakasimama wakacheza na vijana, vumbi likapanda, bibi harusi akavutwa katikati, na mama yule aliyenipa kuku akanikamata mkono akinizungusha, jasho lake likinilowesha bega, huku akisema sikioni, "Unaona? Unaona? Wanasema watoto wa Wamaza hawajui kitu!" Nilicheza. Sijui ningefanya nini kingine. Juu ya bega lake nilimwona Bwana Crispin akisikiliza kwa heshima, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesubiri kitu kianze. Baada ya kitambo akaizima simu yake akaitia mfukoni. Akala wali, akamshika Feza mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Ni muzuri, mademwazeli. Ni safi. Iko sawa kama saa," akapanda pikipiki yake kuelekea Kabambare kabla ya jua kupinda.

Feza hakuizima. Aliiacha ipige mpaka bibi harusi alipomaliza kucheza na wakwe zake, kwa sababu ilikuwa sherehe ya binamu yake na watu walikuwa na furaha. Ndipo akainua kifuniko. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na niliona anachokiona: katikati ya madonge yake, kipipa kikubwa kinachong'aa, na matone mawili ya risasi yasiyo na mkia. Aliyatazama muda mrefu. Nilifungua mdomo niseme nilitaka kusaidia, na huenda ningelisema, na huenda angelikubali. Akaninyooshea mkono akanigusa kiwiko. "Asante, yaya," akasema. "Umeitengeneza." Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Hakuna neno."

Tuliporudi Kasongo fundi aliuliza ilikuwaje, Feza akamwambia, "Ilipiga vizuri, Papa Fundi. Walicheza wote." Fundi aliangalia rafu yake, akauliza kile kipipa kikubwa kiko wapi, nami nikasema niliangusha kikapasuka. Hakuuliza tena. Wiki mbili baadaye Feza aliaga. Alikuwa na mjomba Lubumbashi. Mwaka ukaisha hivyo, na mwaka uliofuata fundi akanipa ufunguo wa kabati. Nilifundishwa kila alichokijua, na nilikijua vizuri. Lakini rekodi zilianza kuja kutoka Lubumbashi. Vijana waliniletea kwa simu, hawajui kwamba namjua: mashine kumi sasa, ishirini, zimepangwa kwenye jukwaa, zikipigana, zikisameheana, hakuna pigo linalorudi mahali lilipotoka. "Sikia hii, mama," waliniambia, "eti ni mwanamuke wa huku kwetu." Niliwaambia waiache simu yao nikiwawekea kioo kipya, nikawa naisikiliza chini ya meza.

Sasa Feza alikuwa amerudi kwa ajili ya arobaini, na alasiri ile Mama Aziza alitupa kinu kimoja na michi miwili tutwange sombe ya kesho, kama alivyokuwa akifanya zamani tulipokosa radio za kutengeneza. Tulitwanga kwa zamu, yeye, mimi, yeye, mimi. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu kwa miaka kumi na minne na yote yalitoka kwa wakati mmoja, vibaya, huku nikitwanga: kwamba ni mimi, kwamba haikuwa bahati mbaya, kwamba nilifanya kwa sababu nilimwonea wivu, na kwamba sitaki aseme ni zamani.

Feza akasimamisha mchi. "Yaya, mie nilijua pale pale. Nani mwengine anachomelea vile?"

"Basi mbona haukusema?"

"Niseme nini?" Akafuta jasho kwa mkono wa nyuma. "Juu ya Bukavu nililia siku mbili, nikasahau. Kitu ilinifukuza Kasongo haikuwa Bukavu." Akaangalia ndani ya kinu. "Miezi mizima nilikuwa ninatafuta ile fasi. Fasi, pahali zile tatu zinakutana. Nilijua iko, juu ya vile zilikuwa zinapiga, lakini wapi? Nilikuwa ninazungusha vifundo kama kipofu. Nikasema, siku moja nitaisikia. Halafu ninafungua sanduku kule Wamaza, ninakuta weye umeenda moja kwa moja. Kipipa kimoja. Fasi yenyewe kabisa. Mashini yangu, masikio niliambiwa ni yangu, na weye uliisikia mara moja tu, kwa saa ya sala ya Ijumaa, ili uiue." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Nilikuonea wivu, mie pia. Nikasema nikikaa karibu na huyu mutu sitajenga tena kitu."

Sikuweza kutwanga. Uani kulikuwa na moshi wa kuni na sauti za wanawake wakibishana kuhusu masufuria. Nilifikiri juu ya miaka yote ile na radio zote zile nilizozinyamazisha kwa mikono yangu safi, bila kusikiliza hata moja jinsi nilivyosikiliza siku ile.

"Na mpaka leo," Feza akaendelea, akisogea karibu, "zote ninazojenga, ile fasi ninaiacha vile inatokea. Siwezi kuiongoza. Watu wanasema ni ufundi." Sauti yake ilishuka. "Niambie, yaya. Pale ulipoweka kidole. Ulisikia nini? Ulijuaje?"

Niliutafuta mchana ule. Niliona joto la bati, nikaona waya mwekundu, nikasikia mlio wa kisu cha Mama Aziza jikoni. Nilikumbuka kwamba zilishika pumzi. Lakini kidole kilifikaje pale, kiliitwa na nini, kilipita wapi kwanza, hapo palikuwa patupu, kama chumba kilichohamwa. "Sikumbuki, Feza," nikamwambia. "Ni kweli. Sijui."

Alinitazama. Nilikuwa nikiyajua macho yale. Niliishi nayo mwaka mzima. Yalinipima usoni, yakashuka mpaka mikononi, yakarudi, na nikaona kwamba haniamini, kwamba anadhani siri ninayo na ninaificha. "Ni sawa," akasema taratibu, akainua mchi wake. "Kaa nayo." Ningeweza kuapa. Ningemshika bega nikamwapia kwa jina la Mungu, mbele ya nyumba ya fundi, kwamba sina kitu, kwamba kilinijia siku moja kwa ubaya kikaondoka, naye angeniamini na tungelia wote wawili tukamaliza. Feza akapiga mchi wake kinuni, akasubiri zamu yangu. Nikamwacha aamini hivyo, nikatwanga.